Maswali ya Wasomaji: Upepo Unaorudi Kwenye Klachi

SWALI: Ninamiliki Land Rover Defender 110 ya mwaka 1996, yenye injini ya 300Tdi, ambayo ninaitumia kubebea mazao kutoka Mufindi hadi Iringa mjini. Kwa muda sasa pedali ya klachi inashuka hadi karibu na sakafu, na gia ya kwanza na ya kurudi nyuma zinakwaruza. Nikiikanyaga pedali haraka haraka mara tatu au nne, gia zinaingia vizuri. Fundi wangu ametoa upepo, yaani hewa iliyoingia kwenye mafuta ya klachi, mara mbili, na kila mara gari limekaa sawa kwa siku chache kisha tatizo limerudi. Sasa anashauri gia boksi ishushwe na klachi yote ibadilishwe. Amesema pia kwamba tukikosa mafuta ya breki tunaweza kuongeza yale ya usukani. Je, nikubali? – Msomaji, Iringa.

JIBU: Ndugu msomaji, gia boksi isishushwe kwanza, na mafuta ya usukani usiyakubali kabisa. Klachi yako husukumwa na mafuta kutoka silinda ya juu, iliyo kwenye pedali, hadi silinda ya chini, iliyo kwenye gia boksi, na mipira iliyomo ndani ya silinda hizo imetengenezwa kwa ajili ya mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 au DOT 4. Ikiguswa na mafuta ya jamii ya petroli, kama hayo ya usukani, huvimba, hulainika na kuziba njia, na baada ya hapo hakuna tiba isipokuwa kubadilisha mipira yote ya silinda ya juu, ya silinda ya chini na hozi iliyo katikati. Kama mafuta hayo yameshatiwa, mwambie fundi wako ukweli huo kabla hajagusa kitu kingine.

Jibu la swali lako la kwanza umeshalitoa mwenyewe uliposema kwamba pedali ikikanyagwa mara kadhaa gia zinaingia. Klachi pleti (sahani inayounganisha injini na gia boksi) iliyokwisha huteleza, yaani injini hupanda mzunguko huku gari halisogei ipasavyo, hasa mlimani ukiwa na mzigo. Haiwezi kuponywa na mikanyago mitatu ya pedali. Kinachopona kwa namna hiyo ni mfumo wa mafuta, ama kwa sababu una upepo, ambao hubonyea badala ya kusukuma, ama kwa sababu silinda ya juu inavujisha ndani kwa ndani.

Fundi wako hakukosea kutoa upepo, lakini upepo haujizalishi. Ukirudi baada ya siku chache, upo mlango unaouingiza, na kazi yenu ni kuutafuta mlango huo. Anzeni na kikopo cha mafuta. Wapo wanaodhani kwamba mafuta ya klachi hupungua kadiri pleti inavyolika, kama yanavyopungua ya breki, ilhali katika gari lako ni kinyume: pleti ikilika, pistoni ya silinda ya chini hurudishwa ndani kidogo, na mafuta kikoponi hupanda. Kwa hiyo kila tone linalopungua limevuja mahali.

Ingieni ndani ya gari, mpapase mkono wa pedali kwa juu, pale unapoingia kwenye kasha lake. Ukiwa na unyevunyevu unaoteleza, silinda ya juu, ile inayoitwa klachi masta madukani, imekwisha. Kisha ingieni chini ya gari, likiwa limewekewa vigingi magurudumuni na lisilotegemea jeki peke yake, mfunue kidogo kifuniko cha mpira cha silinda ya chini. Mafuta yakichuruzika humo, mpira wa pistoni umekufa. Kama kote ni kukavu, mkanyage pedali polepole sana na kuishikilia injini ikiwa inaunguruma: ikizama taratibu na gia ikakwaruza, lakini ikikanyagwa ghafla gia ikaingia, mafuta yanapenya kando ya pistoni ya juu na kurudi kikoponi. Silinda ya namna hii haiachi doa popote, na ndiyo maana gia boksi nyingi hushushwa bila hatia. Hozi nayo ishikwe kwa mkono msaidizi anapokanyaga. Ikivimba, inakula nguvu ambayo ingesukuma klachi.

Kuhusu kubadilisha mipira tu au silinda nzima, mimi napendelea silinda nzima kwa gari la umri huu. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, maji huleta kutu, na kutu huacha vishimo ndani ya silinda. Mkipitisha ukucha humo ndani na ukakwama, mpira mpya utachanika mapema.

Baada ya hapo ndipo mtoe upepo. Kikopo cha Defender ni kidogo na hukauka upesi. Kikikauka katikati ya kazi, mnaanza upya, kwa hiyo mtu mmoja asikiondolee macho. Vikeni mpira mwangavu kwenye nipeli (skrubu ya kutolea upepo iliyo kwenye silinda ya chini), ncha ya pili izame katika chupa yenye mafuta safi kidogo. Msaidizi akanyage polepole, nipeli ifunguliwe, mafuta yatoke, ifungwe pedali ikiwa bado chini, ndipo aiachie. Rudieni hadi vipovu viishe. Kupampu pedali kwa fujo huvunja vipovu vikubwa kuwa povu jembamba ambalo huchukua muda mrefu kutulia. Vipovu visipoisha, sukumeni mafuta kutoka chini kwenda juu kwa bomba kubwa la sindano lililounganishwa na nipeli, kwa sababu upepo hupenda kupanda. Ila kwanza mpunguze mafuta ya kikoponi, yasije yakafurika na kubabua rangi ya gari. Yakimwagika, osheni kwa maji mengi mara moja. Mafuta yaliyotoka yasirudishwe kikoponi, hata yakionekana safi.

Mwisho, mpime mwendo wa fimbo inayotoka silinda ya chini pedali inapokanyagwa. Ikitembea zaidi ya sentimita 1 bila kulegalega na bado gia zinakwaruza, hapo fundi wako atakuwa na hoja. Uma wa klachi wa bati, yaani mkono unaopokea msukumo wa fimbo hiyo na kuipeleka beringi mbele, katika gia boksi za Defender hujulikana kwa kutobolewa na kichwa cha egemeo lake, na ukitobolewa, mafuta yatafanya kazi yake yote bila beringi kuisukuma ipasavyo presha pleti, ile inayoibana klachi pleti. Gia boksi ikishushwa kwa sababu hiyo, wekeni uma ulioimarishwa, maana kazi ya kuishusha ni ghali kuliko uma wenyewe.

SWALI: Hilux yangu ya zamani ilikaa miezi mingi bila kuendeshwa, na sasa pedali ni ngumu kama kawaida, mafuta hayapungui, lakini injini ikiwaka hakuna gia inayoingia. Je, nitoe upepo? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, pedali yenye upepo haiwi ngumu kama kawaida. Tazama kwanza kama fimbo ya silinda ya chini inatembea. Ikiwa inatembea vizuri, yaelekea klachi pleti imeshikana kwa kutu na flaiwili, gurudumu zito lililo nyuma ya injini, jambo la kawaida kwa gari lililolala karibu na bahari. Pasha injini moto, izime, peleka gari mahali pa wazi pasipo na watu, weka gia ya pili, kanyaga klachi hadi mwisho, kisha washa. Gari litaondoka papo hapo, kwa hiyo uwe tayari. Likiwa linatembea, endelea kukanyaga klachi, kanyaga na kuachia akseleta, kisha gusa breki. Mara nyingi pleti huachia. Isipoachia baada ya majaribio machache, acha, kwa maana ukizidisha unaweza kuivunja, na hapo gia boksi haina budi kushushwa.