Shangazi na maboga ya vuli

Vuli ya huku Marekani haina mvua za kupandia. Majani yanapukutika na kila baraza la nyumba linawekwa maboga, na barua zenu nazo zinakuwa za maboga tupu. Haya.

Shikamoo Shangazi. Nilinunua boga kubwa la chungwa nikalipika kwa nazi kama futari ya nyumbani. Limekuwa maji, halina ladha. Nilikosea wapi? (Mama, Columbus)

Marahaba. Ulikosea dukani, si jikoni. Swali hili naletewa kila Oktoba na jibu langu halijabadilika: yale makubwa ya mlangoni yamekuzwa yachongwe sura za kutisha za Halloween, usiku wa tarehe 31 Oktoba. Yana kikonyo kizuri na nyama yenye nyuzi na maji mengi. Ni pambo lile, mwanangu. Tafuta kabocha, lile la kijani lililobonyea kama kigoda. Nyama yake ni kavu na tamu, nalo ndilo linalokaribiana na boga tulilolizoea. Ukilikosa, chukua butternut, lile la manjano hafifu lenye shingo ndefu.

Na la kopo, someni karatasi yake! Mwaka wangu wa kwanza huku niliwapikia wageni futari ya Ramadhani kwa kopo lenye picha ya boga. Tui lilipochemka, nyumba ikanukia mdalasini, na mimi sikutia mdalasini. Kumbe lilikuwa la kupikia pai, limeshatiwa sukari na viungo vyote. Mume wangu alikula kimya. Wageni walikula tende.

Hii kahawa ya boga ina boga kweli? (Kijana wa Pemba, Toronto)

Starbucks, wale wenye maduka ya kahawa, walipoileta mwaka 2003 haikuwa na boga hata tone. Walilitia mwaka 2015. Unachokisikia puani ni viungo vya pai: mdalasini, tangawizi, kungumanga na karafuu. Mtoto wa Pemba unapanga foleni kununua harufu ya karafuu! Tia punje mbili kwenye chai ya maziwa, hiyo pesa mtumie mama.

Tumeambiwa kanisani kuchonga boga la Halloween ni ushetani. Kweli? (Baba wa watatu, Dallas)

Ya imani muulize mchungaji wako. Mimi najua ya boga. Waayalandi walikuwa wakichonga tanipu, mzizi wa duara kama kiazi, na kutia taa ndani. Walipohamia Marekani wakakuta boga, ambalo ni kubwa na jepesi kuchonga kuliko tanipu.

Dhambi ninayoiona mimi ni ya tarehe 1 Novemba, mapipa yanapojaa maboga mazima, mengine hayakuguswa hata na kisu. Kama halijapakwa rangi, mpe mfugaji. Ng'ombe na kuku wanalila. Lililochongwa likakaa nje na mshumaa siku nne halirudi jikoni, hata kama linaonekana zima. Wengine hulipangusa kwa jiki lisioze upesi.

Mbegu nazo?

Osha, kausha, tia chumvi, kaanga kavukavu mpaka zianze kuruka. Mara ya tatu mwaka huu mnaniuliza.

Tulikwenda shamba wanaloruhusu watu kujichumia maboga. Majani yote wanayaacha yaoze! Naweza kuchuma mboga? (Mama kutoka Bukavu, Louisville)

Hata mimi huwa naumia nikiona. Lakini omba kwanza, na uulize walipulizia dawa gani na lini, maana mwisho wa msimu majani yale hushikwa na ukungu mweupe kama unga na wakulima hupulizia. Tena Oktoba yameshakomaa, utatafuna kamba.

Panda yako Mei, baridi ikishaisha. Chuma ncha changa, menya nyuzi kuanzia kwenye kikonyo, pika na karanga za kusaga. Ukipenda boga, penda na ua lake, ila chuma la kiume tu, lenye kikonyo chembamba. La kike lina kiboga kidogo chini yake. Ukilichuma umekula boga lako la Septemba. Na usiwamalizie nyuki maua yote ya kiume.

Mbegu usiokote kwenye boga lililokua karibu na vile vibuyu vya mapambo. Huchanganyika, na mwakani unaweza kupata boga chungu. Likiwa chungu, tema, tupa sufuria nzima. Uchungu ule ni sumu na moto hauuondoi.

Naweza kulisaga nikalifungia kwenye chupa kabatini mpaka Machi? (Bwana harusi mtarajiwa, Minneapolis)

Hapana! Rojo la boga ni zito, joto halifiki katikati vizuri, na vijidudu vya botulizimu, sumu ya chakula inayoua, vinapenda mahali kama hapo. Unataka kuoa au kuzikwa? Weka kwenye friza. Boga zima lisilo na jeraha hukaa miezi kadhaa pahali pakavu penye ubaridi usiogandisha. Na usilibebe kwa kikonyo. Kikikatika, hapo ndipo litakapoanzia kuoza.

Lile boga la kilo 1,247 lililoshinda mashindano ya uzito wa maboga Half Moon Bay, California, mwaka 2023, linalika?

Linalika. Ila ni maji kuliko lile la mama wa Columbus.