Gavana iko 80, mbona dereva kashikwa Ahero?

SWALI: Fundi, nina matatu ya abiria 14, inafanya Nakuru–Kisumu. Spidi gavana, kile kifaa cha kuzuia gari lisipite mwendo uliowekwa, ilifungwa kwa kilomita 80 kwa saa na cheti ninacho. Wiki jana trafiki walimpiga dereva wangu kamera pale Ahero, wakasema alikuwa 68. Fundi mwingine ananiambia gavana imekufa, nimlipe aniwekee swichi ya kuirekebisha. Nifanyeje? (Mwenye gari, Nakuru)

JIBU: Mwenye gari, kwa hayo uliyoeleza gavana yako haina neno. Imewekwa 80, gari lilikuwa 68; ulitaka ifanye nini? Ahero ni soko, na ndani ya soko au mji mwendo ni 50. Dereva amezidisha 18. Kwenye kanuni za faini za 2016, kuzidisha 16 hadi 20 ni shilingi 10,000. Angezidisha 5 angepewa onyo, 10 angelipa 500, 15 angelipa 3,000. Akipita 20, hiyo ni ya korti. Kama anaona amesingiziwa, akane mbele ya hakimu.

Kinachonichosha ni hili neno "gavana ninayo", mtu analitamka kama amevaa hirizi. Gavana haijui Ahero. Haimwoni mama anayevuka na karai la mchele kichwani. Inajua namba moja tu, 80. Kwa 50 gari linakula kama mita 14 kila sekunde. Kwa 68 ni karibu 19. Kati ya hizo namba mbili, anayeamua ni mguu wa dereva.

Sasa hiyo swichi. Nimezing'oa nyingi, chini ya dashibodi, nyuma ya redio, moja ilifichwa ndani ya kisanduku cha fyuzi. Hairekebishi kitu. Inakata waya unaoleta habari ya mwendo, gavana ikadhani gari limeegeshwa. Halafu mkaguzi akifungua kumbukumbu za mwendo zilizomo ndani ya gavana anakuta matatu iliyosimama tuli kutoka Nakuru hadi Kericho, na abiria wameshuka Kericho! Huyo fundi wako hatakuwepo siku hiyo.

Na hata gavana nzima haina breki. Kazi yake ni kubana mafuta. Mteremko wa Sachangwan kuja Salgaa hauombi mafuta. Dereva anatia nyutro, yaani anatoa gia, eti anaokoa dizeli (injini nyingi za siku hizi zikiteremka ndani ya gia, mguu ukiwa juu, hukata mafuta zenyewe), gari linavutwa na uzito wake, 80 inapitwa, na gavana haina cha kubana. Breki zikishapata moto hapo, cheti kitabaki kwenye droo. Wenye malori mnaosoma hili, nawaambia nyinyi pia.

Wewe ukitaka nikupimie, njoo na cheti, na uniambie tairi zilizokuwepo siku ya kufungwa zilikuwa saizi gani. Kama ulibadilisha ukaweka kubwa, 80 ya gavana si 80 ya barabarani tena, na hapo kweli kuna kazi ya fundi.