Makazi na Familia: Masaki, Mbezi Beach au Upanga?

Swali: Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tumeishi Mwanza kwa miaka kumi na minane, na sasa shughuli zake zinatuhamishia Dar es Salaam, ambako ofisi yake itakuwa katikati ya jiji. Tuna watoto wanne, mdogo akiwa na miaka sita, na tunaishi na mama mkwe wangu anayesumbuliwa na magoti. Tumejiwekea akiba ya kununua nyumba kubwa ya vyumba sita vya kulala, yenye bustani na banda la uani kwa ajili ya wasaidizi. Madalali wanatuvuta huku na huku. Mmoja anatuambia hakuna heshima nje ya Masaki, mwingine anasema kwa fedha hiyohiyo tutapata kiwanja mara mbili ya hicho Mbezi Beach, tena karibu na bahari. Tuchague wapi?
*Mama wa watoto wanne, Mwanza*

Jibu: Dada yangu, poleni na pilika za kuhama. Ningekuomba uanze na huyo mtoto wa miaka sita, kwa kuwa yeye ndiye atakayelipia uamuzi wenu kwa usingizi wake kila asubuhi. Chukueni ramani, mtie alama kwenye shule mnayoitaka, ofisi ya baba, na hospitali atakayokuwa anahudhuria bibi, na baada ya hapo ndipo mwanze kuzungumzia majina ya maeneo. Familia nyingi hununua nyumba kwanza na kutafuta shule baadaye, na matokeo yake mtoto wa darasa la kwanza anasimama getini saa kumi na moja na nusu alfajiri, giza halijaondoka, akisubiri basi la shule. Hata Masaki yenyewe haiondoi tatizo hilo moja kwa moja: Shule ya Kimataifa ya Tanganyika, ambayo wengi wanaohamia huko huifikiria, ina kampasi ya sekondari Masaki lakini watoto wadogo husomea Upanga, kwa hiyo nyumba yenye watoto wa rika tofauti, kama yako, itakuwa na safari mbili za asubuhi.

Kuhusu njia, Masaki na Oysterbay zimepata nafuu kubwa tangu Daraja la Tanzanite lilipofunguliwa mwaka 2022. Kabla ya hapo karibu kila gari lililotoka huko kwenda mjini lilibanwa kwenye Daraja la Selander, na wakazi wa zamani wanakumbuka jioni walizozimaliza hapo. Sasa mume wako anaweza kuvuka kutoka upande wa Coco Beach na kushukia karibu na Hospitali ya Aga Khan, jambo ambalo pia ni faraja kwa bibi ikitokea dharura ya usiku. Mbezi Beach iko umbali wa kilomita zipatazo 20 kutoka Posta, na safari yake inategemea Barabara ya Bagamoyo. Usiamini dakika anazokutajia dalali, kwa sababu yeye huwapeleka wateja saa nne asubuhi, barabara ikiwa imeshapumua. Fanyeni safari hiyo wenyewe siku ya Jumatatu, mtoke kwenye geti la nyumba mnayoitaka saa kumi na mbili na robo asubuhi hadi mlangoni pa ofisi, kisha mrudi jioni saa kumi na moja na nusu.

Jambo la pili ni maji ya mvua, na hapa naomba univumilie nikiongea kwa kirefu, kwani ndilo lililoniuma mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilimsindikiza kaka yangu kuangalia nyumba Mikocheni, mwezi wa Januari, jua kali, bustani imekatwa vizuri, kila chumba ni masta. Tulipendezwa mno hata tukaanza kugawana vyumba kwa maneno. Nilipoingia jikoni nikaona soketi zote zimewekwa usawa wa kifua, na nikadhani ni mtindo wa fundi. Sebuleni zilikuwa usawa wa kiuno. Nikatoka uani, nikazunguka nyuma ya kibanda cha mitungi ya gesi mahali ambapo fundi rangi hakujisumbua kufika, na pale ukutani palikuwa na mstari wa tope uliokauka, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, juu kidogo ya goti langu. Chini ya ukuta wa mpaka kulikuwa na matundu manne ya kutolea maji, yamezibwa kwa matofali mapya. Mwenye nyumba alituambia eneo hilo halijawahi kuingia maji. Tukaondoka, lakini kaka alikuwa ameshamlipa dalali fedha za kishika nafasi, na hazikurudi.

Tangu siku ile siingii kwenye nyumba kabla ya kuuliza maji yanatoka wapi na yanakwenda wapi. Mto Mlalakuwa unapita Mikocheni kwenda baharini, na Mbezi Beach nayo ina mto wake na makorongo ambayo wakati wa kiangazi huonekana kama njia za mchanga tu. Mitaa miwili inayopakana inaweza kutofautiana kabisa, mmoja ukikaa mkavu masika yote na mwingine ukivukwa kwa kukunja suruali. Kwa hiyo jina la eneo halitoshi, na hata jina la mtaa halitoshi. Simameni getini, mtazame mteremko, mfuate mtaro hadi unapoishia. Kama unaishia kwenye ukuta wa jirani aliyejenga juu ya njia ya maji, maji yale yatarudi kwenu. Muulizeni mlinzi wa nyumba ya pili na mama muuza genge pale kwenye kona, kwa kuwa hao hawana kamisheni. Mkiweza, subirini mvua za Machi hadi Mei zipite kabla ya kulipa, ingawa vuli nayo si ya kudharau: mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua watu jijini hayakungoja masika.

Huyo dalali wa pili anawasifia bahari. Naielewa hamu hiyo, hasa kwa watu waliozoea upepo wa ziwa. Hata hivyo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari na kingo za mito, na mwishoni mwa mwaka 2015 wakazi wa bonde la Mto Msimbazi waliona nyumba zao zikitiwa alama ya X nyekundu na kubomolewa. Mwajirini mpima ardhi wenu, asiye wa muuzaji, apime umbali huo na kuthibitisha bikoni zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Bahari yenyewe pia husogea. Kituo cha Africana mtakachokipita mkienda Mbezi Beach kimebeba jina la hoteli ya ufukweni iliyoachwa baada ya mmomonyoko kula pwani yake. Zaidi ya hayo, chumvi ya upepo hula mabati, mageti na viyoyozi, na visima vingi vya ukanda huo hutoa maji yenye chumvi ambayo hayafai kwa chai wala kwa maua.

Kwa maji ya matumizi, Masaki na Mbezi Beach zote hutegemea zaidi mtambo wa kusafisha maji wa Ruvu Chini, na mgawo wa mwishoni mwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Mto Ruvu ukipungua, hata nyumba ya kifahari hupanga ndoo. Nyumba yenu itakuwa na watu kama tisa pamoja na wasaidizi. Kila mmoja akitumia lita 150 kwa siku, simtanki la lita 10,000 linamaliza wiki moja tu, bustani ikiwa haijaguswa. Tafuteni nyumba yenye tangi kubwa la chini ya ardhi.

Kwa hali mliyonieleza, ningechagua kiwanja kidogo zaidi Oysterbay au Masaki kuliko kiwanja kikubwa Mbezi Beach, endapo shule mtakayoipenda iko upande huo, kwa sababu ya bibi na ofisi ya baba. Shule ikiwa upande wa Tegeta au Kunduchi, basi tazameni Mbezi kwenye miinuko, mbali na makorongo, na baba akubali kuwa yeye ndiye atakayesafiri. Na hiyo heshima anayoitaja dalali msiiweke kwenye hesabu.

Swali: Assalaam alaykum. Mimi ni Mtanzania nifanyaye kazi Muscat. Nataka kuwanunulia wazazi wangu nyumba kubwa yenye nafasi ya wajukuu wakati wa likizo. Wamezaliwa na kuzeekea Kariakoo. Mdogo wangu ananitumia video za nyumba nzuri sana huko Kunduchi na nyingine Oysterbay, jirani na ufukwe. Video haionyeshi nini?
*Msomaji, Muscat*

Jibu: Wa alaykum salaam, kaka. Video haina saa wala siku. Mwombe mdogo wako aende kwenye nyumba ya Oysterbay Jumapili saa kumi jioni, wakati Coco Beach imefurika watu na Barabara ya Toure haitembei, kisha arudi Ijumaa saa nne usiku, azime gari, asikilize muziki unatoka wapi. Aende Kunduchi nako usiku, aone taa za barabarani zinaishia wapi.

Lakini swali lako limenigusa kwa sababu nyingine. Mzee wa Kariakoo amezoea kutoka nyumbani kwa miguu, kusikia adhana akiwa ndani, kukaa barazani na wenzake baada ya alasiri, na kujua msiba wa mtaani kabla ya jua kuzama. Ukimhamishia kwenye jumba lenye ukuta wa mita tatu, mahali ambapo msikiti unafikiwa kwa gari na dereva yuko likizo, umempa vyumba sita na kumnyang'anya watu. Nimeona wazee waliohamishwa hivyo kwa mapenzi makubwa ya watoto wao, nao huomba kila wiki wapelekwe "mjini", yaani walikotoka. Tafadhali tazama Upanga. Ni karibu na Kariakoo, misikiti iko kwa hatua, Muhimbili ni jirani, na bado zipo nyumba za zamani zenye uwanja, ingawa zinapungua kwa kuwa nyingi zinabomolewa kupisha maghorofa. Utalipa zaidi kwa nafasi ndogo. Waulize wazazi wenyewe kabla ya kumlipa yeyote.

Swali: Nimeshakubaliana bei ya nyumba Msasani, ila kiwanja cha nyuma kimechimbwa msingi wa kina kirefu sana. Nifanye nini kabla ya kusaini?
*Msomaji, Dar es Salaam*

Jibu: Nenda ofisi ya mipango miji ya Manispaa ya Kinondoni na namba ya kiwanja hicho, uulize kimeruhusiwa matumizi gani na ghorofa ngapi. Nyumba nyingi za rasi ya Msasani zimegeuzwa ofisi, migahawa na hoteli, na ghorofa kumi nyuma yako zitakuondolea upepo, faragha na usingizi kwa pamoja. Wakati huohuo fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati kuhusu kiwanja unachonunua: kama hati imewekwa rehani, kama kuna zuio, na imebakiza miaka mingapi, maana hati za miaka 33 zipo pamoja na za miaka 66 na 99, na muuzaji hakuambii mpaka umuulize. Kama muuzaji ana mwenza, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa yake kwa nyumba ya familia, hivyo wote wawili wawepo mbele ya wakili siku ya kusaini. Majibu ya manispaa yakichelewa, mwombe muuzaji aongeze muda kwa maandishi, na fedha zako zikae benki hadi yatakapotoka.