Mtafute Mkorea Anayetaka Kiswahili

Nilisoma Kikorea peke yangu mwaka mzima hapa Mombasa. Herufi za Hangul, zile alizozitangaza mfalme Sejong mwaka 1446, zilinikaa kichwani kwa wiki mbili. Sarufi nayo nikaikazania. Kisha siku moja nikakutana na watalii wawili wa Kikorea pale Fort Jesus, nikafungua kinywa, hakikutoka kitu. Hapo ndipo nilipojua kwamba nilichokosa ni mtu wa kuongea naye.

Nilianza wanapoanzia wengi. Nikapakua HelloTalk na Tandem, programu za simu za kubadilishana lugha, nikawaandikia watu: naomba unifundishe Kikorea. Wengi hawakujibu. Waliojibu walitaka Kiingereza, nami nikawapa, na baada ya siku kumi mazungumzo yakafa. Sikuwalaumu. Maombi kama yangu wanayapata kila siku kutoka kila pembe ya dunia.

Mambo yalibadilika nilipoacha kuomba. Kwenye wasifu nikafuta Kiingereza, nikaandika kwamba lugha ninayotoa ni Kiswahili. Wakorea wanaotaka Kiswahili ni wachache, ni kweli, lakini wapo, na wana shida ya kupata watu kuliko wewe. Kule Korea, Chuo Kikuu cha Hankuk cha Lugha za Kigeni kinafundisha Kiswahili. Kuna wanaojitolea na KOICA, shirika la misaada la serikali ya Korea, wanaopelekwa Tanzania, kuna wamishonari, kuna wafanyakazi wa makampuni yenye miradi huku kwetu. Mtu anayejiandaa kwenda kuishi Dodoma hatakuchoka, mradi umsaidie aseme sentensi zinazoeleweka sokoni.

Mwenzangu ni mwanafunzi wa Kiswahili. Tunaongea Jumamosi saa tisa alasiri kwangu, ambayo kwake ni saa tatu usiku, kwa kuwa Korea imetutangulia kwa saa sita. Liangalie hilo kabla hujapanga chochote: ukimpigia saa mbili usiku baada ya kazi, kwake ni saa nane ya usiku. Dakika 20 ni za Kikorea, 20 za Kiswahili, na simu inalia kutuambia tubadilishe lugha. Kiingereza hatukigusi hata tukikwama. Kila mmoja huleta picha moja ya wiki yake na kuieleza. Yeye hunisahihisha makosa matatu tu, tena nikishamaliza kusema, kwa sababu mtu anayekatizwa kila neno hunyamaza.

Matamshi ndiyo yaliyonipa faida kubwa kuliko yote. Kikorea kina dal, mwezi, ttal, binti, na tal, kinyago cha usoni. Kwenye kitabu nilidhani ni mchezo wa tahajia. Nilipomsikia akiyasema moja baada ya jingine nikamkumbuka nyanya yangu, ambaye kwa Kimvita chake kaa la moto na kaa wa baharini si neno moja: la pili hutoka na pumzi. Nikamfundisha hilo, naye akanifundisha tal, ambalo nalo hutoka na pumzi. Masikio yetu yalifunguka siku moja.

Heshima nayo usiichukulie kirahisi. Mimi nilijifunzia maneno mengi kwenye tamthilia, na humo marafiki huambizana kwa mkato. Nikamwandikia mama mmoja wa makamo "mwo hae?", yaani wafanya nini, bila ile -yo ya adabu mwishoni. Alinyamaza siku mbili. Ni kama mtoto kumpita mzee bila shikamoo. Nilimwomba radhi, akanisamehe, na tangu hapo natumia -yo kwa kila mtu mpaka mwenyewe aniruhusu kuiacha. Wakikuuliza umri mapema usichukie. Wanatafuta namna sahihi ya kukusemesha.

Nawasihi hasa mabinti: anayeharakisha mapenzi, anayedai picha, au anayesema amekutumia mzigo na unatakiwa kuulipia, mfungie hapo hapo. Hujapoteza mwalimu.

Walioko Nairobi wana bahati ya kuwa na mikahawa na makanisa ya Wakorea. Nendeni kama wageni kwanza, mle, msalimie, msaidie kupanga viti. Swali la lugha litakuja baadaye, na mara nyingi litaulizwa na wao.

Ujumbe wa kwanza uwe mfupi na useme unachotoa. Huu ndio ninaotuma mimi. Unasema naishi Mombasa, najifunza Kikorea, Kiswahili ndiyo lugha yangu ya mama, je, tuongee mara moja kwa wiki, dakika 20 kwa kila lugha? Badilisha mji, uutume:

안녕하세요. 저는 케냐 몸바사에 살고 한국어를 배우고 있어요. 스와힐리어는 제 모국어예요. 일주일에 한 번, 20분은 한국어로, 20분은 스와힐리어로 이야기해 보실래요?