Mama anaitikia ndiyo, mtoto anapewa maji

SWALI: Habari za kazi dada. Nimepewa kazi ya kuwafundisha wahudumu 20 wa afya ngazi ya jamii huku Moshi Vijijini, siku 3, mada ni masoko jamii na mawasiliano ya afya. Nikitaja masoko tu wananiuliza tutauza nini. Wakifika kwa mzazi wanamhutubia, yeye anaitikia ndiyo ndiyo, kesho yake mtoto wa miezi 2 anapewa maji. Nianzie wapi?
Mwalimu, Moshi

JIBU: Nzuri mwalimu, na pole, hiyo ndiyo ndiyo naijua sana.

Hilo la kuuza limalize mapema. Jina hili la masoko jamii lilianza mwaka 1971, wataalamu wa masoko Philip Kotler na Gerald Zaltman walisema zile mbinu za mfanyabiashara za kumjua mteja zinaweza kutumika kwa faida ya watu wenyewe. Kuna wakati bidhaa ipo kweli, wakumbushe Hati Punguzo iliyoanza 2004, mjamzito alikuwa anapewa vocha kliniki anaenda kununua chandarua dukani kwa bei nafuu. Ila kwenye kunyonyesha hakuna cha kuuza, kuna tabia tu, na tabia nayo ina bei yake.

Hapo ndipo ukae nao hata siku nzima. Waulize, huyu mzazi akikataa mtoto kupewa maji anapoteza nini? Huku kwetu mama mkwe ndiye anayemlea mzazi, anampikia mtori, anamkanda, anambeba mjukuu, sasa binti wa watu aliyeolewa juzi ataanzaje kumwambia mama hapana? Bei yake ni kugombana na mtu anayemlisha, na sisi tunamwona mbishi! Kwa kweli hili linaniuma kwa sababu tumewalaumu hawa mabinti miaka mingi.

Kwahiyo siku ya 1 mchana usifundishe, watoe nje wawili wawili waende majumbani wakasikilize tu, marufuku kushauri, wakirudi waseme nani anaamua pale nyumbani na anaogopa nini. Wengi watakuja na jibu kwamba anayeamua ni bibi, anaogopa mjukuu ana kiu. Hofu yake ni ya upendo, msiidharau. Ujumbe sasa uandaliwe kwa ajili yake, kwamba maziwa ya mama zaidi ya asilimia 80 ni maji kwahiyo hadi miezi 6 kiu ya mtoto inaishia kwenye ziwa hata kipindi cha joto, hicho kikombe cha maji ampe mzazi. Yaani bibi bado ana kazi ya kufanya, hajanyang'anywa mjukuu.

Ujumbe upelekwe alipo bibi, kwenye vikoba, kwenye jumuiya, sokoni, kliniki haendi huyo.

Siku ya 2 waigize, mmoja awe bibi mkali kweli kweli, na muhudumu akiongea dakika 2 bila kuuliza swali msimamishe. Siku ya 3 warudi nyumba zile zile wakajaribu ujumbe kwa bibi wenyewe, neno ambalo bibi hakulielewa mnalibadilisha hapo hapo, vipeperushi vichapishwe baadaye.