Uliza Tukujibu: Mashamba ya Waini, Kuanzia Stellenbosch Hadi Dodoma

SWALI: Habari zenu. Sisi ni chama cha akina mama hapa Lanet, Nakuru, na mwaka huu tumekataa kununuliana masufuria, tunataka kwenda Afrika Kusini kuona mashamba ya waini. Tuko na siku tano. Mmoja wetu ameleta orodha ya mashamba ishirini na mwingine anasema tukodi gari tujiendeshe. Tunaweza? Tunafikiria Agosti shule zikifunga. Na ni ukweli visa haihitajiki? – *Mama Wawili, Lanet*

JIBU: Mama Wawili, hiyo orodha ya mashamba ishirini ichaneni leo.

Tuanze na makaratasi. Visa ni ukweli haihitajiki, tangu Januari 2023 Mkenya anaingia na pasipoti yake tu na anaruhusiwa siku 90 kwa mwaka. Kitu huwa kinafungia watu uwanja wa ndege ni ile kadi ya homa ya manjano, hawajali umelipia hoteli gani, na sindano lazima iwe imemaliza siku 10 kabla hujafika kule, kwa hivyo msingoje wiki ya mwisho mkimbizane na daktari. Ukishadungwa mara moja, hiyo kadi ni ya maisha.

Sasa hiyo Agosti. Majira yao yamegeuka, na tena upande wa Cape mvua inanyesha wakati wa baridi, Juni mpaka Agosti, si kama huku kwetu tunangoja mvua ya Aprili. Mizabibu wakati huo imelala, hakuna jani, mtapiga picha na vijiti. Mkitaka kuona mavuno yenyewe endeni kati ya mwisho wa Januari na Machi, mtakuta wavunaji shambani alfajiri kabla jua halijachoma zabibu, trela zinaingia zimejaa na kiwanda kizima kinanuka chachu kama boma lenye busaa ya siku ya pili. Desemba pia kuna kijani kizuri lakini wenyeji nao wako likizo na bei za vyumba zinapanda. Mimi ningeenda Februari, watoto wabaki na baba zao.

Kwa siku tano chukueni sehemu mbili, na nusu ya tatu. Stellenbosch iwe ndio kituo chenu, iko kama kilomita 50 kutoka Cape Town, mji wa tangu 1679 na wa chuo kikuu, unaweza kutembea kwa miguu jioni chini ya miti ya mwaloni. Hapo ndipo mwaka wa 1971 wenye mashamba walianzisha ile njia ya waini ya kupeleka wageni shamba kwa shamba, ya kwanza nchini humo. Na hapo ndipo profesa Abraham Perold alichavusha Pinot Noir na Cinsaut mwaka wa 1925 ikatoka Pinotage, zabibu yao wenyewe. Onjeni hiyo hata kama hamtaipenda, kuna zingine zinanuka moshi na kuna zingine tamu sana kwa ulimi, inategemea shamba. Nyeupe ni Chenin Blanc, ndiyo wamepanda kwa wingi kuliko zote na mara nyingi bei yake haiumi.

Halafu siku moja Franschhoek, bonde lenye milima pande zote ambalo Wafaransa Waprotestanti waliokuwa wakiteswa kwao walifika 1688. Hapo kuna kitreni kinazungusha wageni mashambani tangu 2012, unalipa tikiti ya siku, unashuka shamba unalotaka na kupanda tena kinachofuata. Hiyo imemaliza kabisa habari ya gari la kukodi! Najua wanaendesha kushoto kama sisi na hapo ndipo watu hudanganyika, lakini kipimo chao cha pombe ni asilimia 0.05 kwenye damu, ni kikali kuliko cha alcoblow ya hapa kwetu, na mkishaonja mashamba mawili hakuna kati yenu atakayepita. Stellenbosch chukueni dereva na gari la kuwatosha nyote, mkigawana pesa yake ni kidogo.

Ile nusu siku ya mwisho ni Groot Constantia, iko Cape Town kwenyewe, shamba la 1685. Waini yao tamu ya Constantia ndiyo Napoleon alikuwa akiletewa akiwa kifungoni St Helena. Sehemu zingine za waini kama Robertson na Walker Bay mziache, ni kuzuri lakini mtamaliza safari yote mko ndani ya gari.

Mashamba matatu kwa siku yanatosha. Kila shamba watawawekea glasi tano sita hivi, kidogokidogo, na pembeni kuna ndoo ya kutemea. Temeni. Huku tumelelewa kwamba kutema kitu umepewa na mwenyeji ni matusi, kule ndio kazi, wataalamu wenyewe wanatema siku nzima. Anayemeza kila kitu shamba la tatu hataona tofauti ya nyekundu na nyeupe, na ameshalipia.

Jambo moja haliko kwenye vipeperushi vyao. Mashamba hayo yalijengwa na watumwa, walioletwa kutoka Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia, na hata baada ya utumwa kuisha wafanyakazi waliendelea kulipwa sehemu ya mshahara kwa waini, wanapewa kikombe asubuhi na vingine mchana, kitu walikuwa wanaita *dop*. Sheria ilikataza lakini mashamba mengine yaliendelea hadi miaka ya 1990, na ulevi ulioachwa na hiyo tabia bado unasumbua vijiji vya wafanyakazi mpaka leo. Kwa hivyo mkifika ulizeni, nani analima hapa, anaishi wapi, mwenye shamba ni nani. Mwongozaji mzuri atajibu. Na mkiona chupa ya Aslina nunueni, ni ya Ntsiki Biyela, msichana wa kijijini KwaZulu-Natal aliyepata ufadhili wa kusomea waini Stellenbosch wakati hajawahi hata kuionja, akawa mwanamke Mweusi wa kwanza nchini humo kuwa mtengenezaji mkuu wa waini.

Kurudi nazo: chupa ziingie kwa sanduku la kupakiwa, zifungwe na nguo, na forodha ya huku inakuruhusu lita mbili za waini bila ushuru, yaani chupa mbili na nafasi ibaki.

SWALI: Mimi pesa ya ndege sina, niko Kondele, Kisumu. Kwani hii Afrika Mashariki hakuna zabibu mtu anaweza kuona na basi? – *Jaber wa Kondele*

JIBU: Ziko, na hiyo ya Dodoma wewe ndiye uko karibu nayo kuliko mtu wa Nairobi anavyodhani. Unashika Migori, unavuka Sirari, Mwanza, Shinyanga, Singida, unaingia Dodoma umechoka lakini umefika, na njia yote unaongea Kiswahili. Beba pasipoti. Ukipata pesa kidogo pitia Dar, treni mpya ya umeme inafika Dodoma tangu 2024.

Huko wamisionari Waitaliano ndio walianza kupanda, Bihawana, maana waini ya misa ikikosekana ni tabu, na sasa wakulima wadogo wa vijiji kama Mpunguzi na Hombolo ndio wanashikilia hiyo kazi. Kwa sababu hakuna baridi ya kulaza mizabibu, mkulima anaipogoa mwenyewe inaanza upya, na wanavuna mara mbili kwa mwaka, Februari na Machi halafu tena Agosti na Septemba. Yaani Agosti ambayo Mama Wawili anaitaka, Dodoma inafaa. Ila si Stellenbosch, hakuna kitreni wala meza za kuonja kila kona, unaongea na watu kabla.

Karibu zaidi ni Naivasha, shamba la Morendat, kule inatoka waini ya Leleshwa. Piga simu kwanza, usijitokeze tu getini.

SWALI: Bwana yangu ananipeleka Cape Town na mimi ni Msabato, sinywi. Nitakaa kwa gari? – *Nyaboke, Nyamira*

JIBU: Usikae kwa gari dada yangu. Mashamba mengi yana juisi ya zabibu zilezile, jibini, mkate na bustani. Pale Fairview, Paarl, kuna mnara mrefu wenye ngazi za kuzunguka nje na mbuzi wanaupanda wenyewe mpaka juu, jibini yao ya mbuzi ndiyo ya kuonja. Mwambie bwana ratiba ya mashamba iwe Jumapili au katikati ya wiki, Jumamosi akupeleke kanisani kwanza, na kwa vile wewe ndiye hunywi, leseni yako usiisahau nyumbani.