Mbona vimekuwa vingi hivyo? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema chuo fulani cha kampuni kimekupigia simu mara tatu kwa siku moja, kinakutaka ujisajili kabla ya Ijumaa. Halafu ukaniuliza: kama vyuo vinavyoendeshwa kwa faida ni vibaya kama watu wanavyosema, mbona vimekuwa vingi hivyo?

Swali zuri. Nitakujibu kwa mfano wa Marekani, kwa sababu huko hesabu zao zilianikwa hadharani.

John Sperling alikuwa mhadhiri. Aliona kwamba watu wazima wenye kazi na watoto hawana pa kusomea, na mwaka 1976 akaanzisha University of Phoenix, chuo cha faida, kwa ajili yao. Kwa hili alikuwa sahihi, wala sitaki ulipuuze. Mzazi anayetoka kazini jioni angesomaje kwenye chuo kinachofundisha asubuhi tu? Vyuo vya umma vilimwacha nje, yeye akamfungulia. Mwaka 1994 kampuni yake, Apollo, iliingia kwenye soko la hisa, na kufikia 2010 chuo kilikuwa na wanafunzi zaidi ya 400,000.

Sasa jiulize, watu hao wa kipato kidogo walilipa na nini? Walilipiwa na serikali, kwa ruzuku na kwa mikopo iliyoandikwa kwa majina yao. Sheria iliruhusu chuo cha faida kipate hadi asilimia 90 ya mapato yake kutoka kwenye fedha hizo. Fedha za serikali za kuwasomesha wanajeshi wa zamani hazikuhesabiwa kwenye hiyo asilimia 90 kwa miaka mingi, chuo kiliweza kuzipata juu ya kikomo hicho, ndiyo maana wanajeshi hao waliandamwa sana na vyuo. Chuo kikishapokea ada, hasara yote ya masomo mabovu humwangukia mwanafunzi. Ahitimu asihitimu, deni ni lake.

Biashara ya namna hiyo hukua kwa kuandikisha, mwanangu, hata kama haifundishi vizuri. Mwaka 2012 kamati ya Seneti chini ya Tom Harkin ilitoa ripoti juu ya kampuni 30 za vyuo hivi. Zilikuwa na waandikishaji zaidi ya 35,000, na wafanyakazi wa kuwasaidia wanafunzi kupata kazi wapatao 3,500. Kumi wa kukuingiza, mmoja wa kukusaidia ukitoka! Matangazo na uandikishaji vilikula karibu asilimia 23 ya mapato, ufundishaji asilimia 17. Anayekupigia simu mara tatu kwa siku ni mmoja wa wale kumi.

Baadhi ya kampuni kubwa za vyuo hivi zilianguka: Corinthian Colleges ilifunga milango Aprili 2015, ITT ikafuata Septemba 2016. Serikali ilikuja kufuta madeni ya watu 560,000 waliosoma Corinthian, dola bilioni 5.8, lakini hilo lilitangazwa Juni 2022. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi ya kuishi na deni la cheti ambacho hakikumsaidia mtu.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Ulipokuwa mdogo nilisoma mihula miwili kwenye chuo cha aina hii. Walimu wangu wawili walikuwa wazuri mno, hadi leo nawashukuru. Nilipotaka kuhamia chuo cha umma, niliambiwa krediti zangu, yaani hesabu ya masomo niliyokwisha kumaliza, hazipokelewi hata moja. Nilianza upya mwaka wa kwanza huku nikilipia ile mihula miwili. Zile jioni ambazo sikuwa nyumbani kukulaza, nyingine zilikwenda huko, na hilo ndilo linaloniuma kuliko pesa.

Sikukatazi kusoma, nataka usome. Ila Ijumaa usitie saini. Waambie wakupe kwa maandishi: ithibati yao, yaani kibali cha ubora wa masomo, imetolewa na nani, kati ya walioanza kozi hiyo ni wangapi walimaliza, na gharama yote hadi mwisho ni kiasi gani. Kisha upigie simu chuo cha umma unachokipenda, uulize kama krediti za hao wangezipokea. Majibu ukiyapata niletee tuyasome pamoja, na kama ni mazuri nitakusaidia ada ya muhula wa kwanza.

Mama yako